WASM Postflop: solva ya bure iliyonifundisha kujibu beti ya mwisho nisiyoitegemea

Wakuu habari zenu. Niliwaahidi watu wa meza yetu kwamba nikishaitumia hii programu vya kutosha ntaandika naionaje, sasa nimekaa nayo kama miezi minne, karibu kila jioni nikitoka kazini, kwaiyo nadhani naweza kuisema bila kukurupuka. Inaitwa WASM Postflop, ni solva, yaani programu ya kupiga hesabu za mchezo, ya poka ya Texas Hold'em (kila mtu karata mbili mkononi, tano za pamoja mezani), ni bure kabisa, hujisajili wala hutoi namba ya kadi, unaifungua kwenye brauza ya kompyuta unaanza kazi.

Sijaitafuta kwa kupenda mambo ya hesabu, mimi hesabu shuleni nilikua wa kawaida tu. Niliitafuta kwa sababu ya mkono mmoja ulioniuma mpaka nikakosa usingizi.

Ilikua Ijumaa, kasino moja hapa Dar, meza ya blaindi (beti za lazima za kuanzia) 1,000 na 2,000, nimekaa na 120,000. Pembeni kushoto alikuwepo mzee mmoja mtaratibu sana, nilivokaa nikamwamkia shikamoo akaitika marahaba, akaendelea na chai yake ya tangawizi, sio mtu wa maneno. Nikapata ree ya shupaza na kingi ya pau, nikapandisha 6,000, wote wakatupa isipokua yeye mzee aliekaa kwenye blaindi kubwa, akafuata. Poti, yaani pesa zilizo katikati, 13,000. Flopu, zile karata tatu za kwanza mezani, ikaja kingi ya uru, nane ya pau, tano ya uru. Mzee akacheki, yaani akapita bila kubeti, nikabeti 6,000, akafuata. Karata ya nne mbili ya shupaza, mzee akacheki tena, nikabeti 16,000, akafikiri kidogo akafuata. Hapo poti ni 57,000 na mimi mbele yangu nimebakiwa na 92,000.

Karata ya mwisho ikaanguka jeki ya uru. Na mimi nilishapanga kichwani kwamba mzee atacheki kama alivocheki mara mbili, alafu mimi ntaamua nibeti au nicheki nionyeshe. Kabla sijamaliza hata kupanga, mzee akasukuma 28,000 katikati. Bila kuniangalia.

Sasa hii ndo beti ninayoizungumzia. Mtu amekufuata kinyonge mkono mzima, hajawahi kutangulia, wewe ndo ulikua unaongoza, alafu karata ya mwisho kabisa anageuka anaongoza yeye. Kwenye lugha ya poka wanaiita donki, yaani beti ya punda, kwa sababu zamani ilikua inaonekana ni kitu cha wasiojua kucheza. Na mimi nilivoiona kilichonijia kichwani ni hasira, nikaona kama mzee ananichimbia mkwara, ananidharau, anataka kuninyang'anya poti niliyoijenga mwenyewe. Nikasukuma zote 92,000. Mzee hakuchukua hata sekunde mbili, akafuata, akafunua tisa na saba za uru, flashi, yaani karata tano za alama moja. Akaniambia "pole mwanangu" na alimaanisha kweli, sio kejeli. Nikanyanyuka nikaenda kupanda bajaji.

Njia nzima nilikua najiuliza swali moja, je ilibidi nitupe? Au nifuate tu? Au niliongeza sawa ila bahati mbaya? Nikauliza watu watatu nikapata majibu matatu. Ndo nikaanza kutafuta solva.

Kwa wasiojua, solva ni programu unayoipa karata za mezani, ukubwa wa poti, pesa zilizobaki mbele ya wachezaji, na orodha ya karata zote ambazo kila mmoja anaweza kuwa nazo, hiyo orodha wanaiita renji. Alafu inachezesha hizo pande mbili zenyewe kwa zenyewe mara nyingi sana, kila upande unajirekebisha, mpaka inafika sehemu hakuna upande unaoweza kupata faida zaidi kwa kubadilisha mchezo wake. Zipo za kulipia zinazojulikana, PioSOLVER ya kuweka kwenye Windows na GTO Wizard ya kulipia kwa mwezi, hizo sizisemi vibaya ila mimi kwa kipato changu nikaona nianze na ya bure. Hii WASM Postflop msimbo wake (code) uko wazi kwa yeyote kuusoma, na hesabu zote zinafanyika kwenye mashine yako mwenyewe sio kwenye seva ya mtu, maana yake ukishaifungua haikuli bando. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Njia ya hesabu inayotumia inaitwa Discounted CFR, imetokana na kazi ya Noam Brown na Tuomas Sandholm wa chuo cha Carnegie Mellon. Hao ndo walewale waliotengeneza Pluribus, ile programu iliyotangazwa 2019 kwenye jarida la Science kwamba imewashinda wataalamu wa poka kwenye meza ya watu sita, na mkakati wake wa msingi ulipatikana kwa siku 8 tu kwenye seva moja yenye kori (viini vya prosesa) 64. Sasa sikilizeni hii maana ndo ilinifanya niache kumuona mzee kama aliyecheza ovyo: katika vitu walivoviona kwenye mchezo wa Pluribus ni kwamba inapiga donki mara nyingi kuliko wataalamu wa kibinadamu. Wachezaji miaka na miaka wanafundishana hiyo beti ni kosa, mashine ambayo haijafundishwa na mtu yeyote ikaja ikaona inafaa. Kwaiyo ukiiona kwenye meza usikimbilie kusema huyu hajui.

Turudi kwenye programu. Ukiifungua kuna vipengele vya kupita kimoja baada ya kingine, renji ya anaecheza kwanza, renji ya anaecheza mwisho, karata za mezani, alafu mpangilio wa beti, alafu ndo unairuhusu ipige hesabu. Renji unachora kwenye jedwali la miraba 169, unaburuza kipanya tu, au unaziandika. Beti unaandika kwa asilimia ya poti, mfano 50%, na ukiandika herufi a inaelewa ni kusukuma zote. Kilichonifurahisha kupita vyote ni kwamba ukubwa wa donki una sehemu yake peke yake, kwa karata ya nne na kwa karata ya mwisho, haujachanganywa na beti za kawaida. Yani aliyeitengeneza alijua kabisa hii beti ni mnyama wake tofauti. Kuna na sehemu ya kuweka makato ya nyumba (yaani ya kasino), asilimia na kikomo chake, msiiruke hiyo kama mnacheza kasino maana nyumba inachota kwenye kila poti na ile bei ya kufuata inapanda kidogo.

Mwanzoni nilikosea, niliweka mkono wote tangu flopu na saizi za beti nyingi nyingi kila hatua, laptop yangu ni ya zamani ina RAM ya 8GB, feni ikapiga kelele kama jenereta. Kosa ni langu, nilitaka kila kitu kwa mara moja. Hii programu ikiwa ndani ya brauza inaweza kutumia kumbukumbu mpaka 4GB hivi, zaidi ya hapo haiwezi, na mti wa flopu, yaani matawi yote ya hatua zinazowezekana, ukiwa na beti nyingi unazimaliza haraka. Dawa niliyoipata ni rahisi na nawaomba muishike: kama swali lako ni la karata ya mwisho, anza kwenye karata ya mwisho. Weka karata zote tano za mezani, weka poti 57 na pesa zilizobaki 92 (kwa maelfu), weka renji mnazofikia nazo pale, basi. Mti unakua mdogo kabisa, jibu linakuja ndani ya sekunde hata kwenye mashine kama yangu. Na faida ya pili kubwa zaidi ni kwamba inakulazimisha ufikirie mwenyewe huyu mtu amefika hapa na karata gani, maana ukikosea renji jibu lote halina maana.

Basi nikakaa na daftari nikaanza kumhesabu mzee. Hii sehemu ni ndefu ila ndo utamu wenyewe.

Kwanza bei. Anabeti 28 kwenye poti ya 57. Mimi nikifuata natoa 28 kutafuta poti itakayokua 113, kwaiyo nahitaji kushinda karibu asilimia 25 ya mara. Sio nusu, robo tu! Kuna watu wanatupa hapa kwa sababu wanahisi "huenda nimepigwa", sawa huenda umepigwa, lakini bei inakuruhusu kupigwa mara tatu kati ya nne. Akibeti theluthi ya poti unahitaji asilimia 20, akibeti poti nzima 33, akibeti mara mbili ya poti 40. Hizo nne nimezikariri.

Pili karata zinazonipiga. Flashi za uru ambazo mtu anaweza kufuata nazo kabla ya flopu na akaja nazo mpaka mwisho nilizihesabu moja moja: ree ya uru na tisa, nane, saba, sita, nne, tatu au mbili, hizo saba, kwini na kumi, kwini na tisa, kwini na nane, kumi na tisa, kumi na nane, kumi na saba, tisa na nane, tisa na saba, nane na saba, nane na sita, saba na sita, sita na nne, nne na tatu. Jumla 20. Ree na kwini au ree na kumi za uru sikuziweka, hizo naamini angeongeza mapema kabla ya flopu. Kingi na jeki ziko 6 tu kwa sababu kingi moja iko mezani nyingine iko mkononi mwangu. Kingi na nane za aina moja (mfano zote kopa) 2, kingi na tano za aina moja 2. Nane mbili, tano mbili na mbili mbili nimeziacha, naamini kwenye meza ile yenye uru mbili angekua ameshaongeza mapema ili asinipe karata za bure. Kwaiyo zinazonipiga 30.

Tatu, karata ambazo hazikufika popote, yaani za kupigia mkwara. Na hapa ndo nilishtuka. Saba na sita za aina moja zisizo uru, 3. Sita na nne, 3. Tisa na saba, 3. Basi! Tisa tu. Kwenye kichwa changu siku ile nilikua naona mikwara kila kona, kumbe meza ile ukiacha uru haikua na mikwara mingi, na zile uru zote zimeshakamilika. Tisa kati ya 39 ni asilimia 23. Bei inataka 25. Yani hata kama mzee anabeti kila mkwara alionao, mimi kufuata ni hasara ndogo.

Lakini subiri. Kuna kingi na kwini, ziko 8. Hizi nazipiga mimi. Kama mzee ni mtu wa kubeti kingi na kwini pale ili asije akalipa beti kubwa ya kwangu, kuna watu wengi wanafanya hivo, wanajiwekea bei yao wenyewe, basi hesabu inakua 17 kati ya 47, asilimia 36, na kufuata ni faida nzuri kabisa. Kwaiyo swali langu lote la siku ile, usingizi wote niliopoteza, lilikua linasimama juu ya kitu kimoja: je huyu mzee anabeti kingi na kwini mwenyewe au anacheki? Sio macho yake, sio chai yake, sio kwamba hakuniangalia.

Na kuongeza? Hapo ndo programu ilininyamazisha. Nimeirudia na renji tofauti labda mara thelathini, ree ya shupaza na kingi ya pau inafuata au inatupa, haisukumi. Na ukiifikiria ni kweli, nikisukuma zote kingi na kwini inatupwa, mikwara inatupwa, wanaobaki ni flashi wanaofurahi. Nimejifukuzia wote ninaowapiga nikabaki na wanaonipiga. Ukiwa na mkono wa kati, mzuri lakini sio mkubwa, kuongeza juu ya donki ya karata ya mwisho ni kugeuza mkono wako mzuri kuwa mkwara bila kujua, na ni mkwara mbaya.

Kitu kingine kilichonifungua macho, nikabadilisha karata moja tu, badala ya ree ya shupaza nikajiwekea ree ya uru. Mkono uleule kwa macho, ree na kingi. Lakini sasa zile flashi saba zenye ree haziwezekani tena kwa mzee, zinabaki 13, jumla ya zinazonipiga inashuka mpaka 23, mikwara 9 kati ya 32 ni asilimia 28, kufuata kunakua sawa hata bila kingi na kwini. Na kwenye baadhi ya renji programu inaanza hata kusukuma zote mara chache na hiyo ree ya uru, kama mkwara wa kweli, kwa sababu unajua mzee hana flashi kubwa kuliko zote. Karata moja ndogo pembeni inakutoa kwenye hasara inakupeleka kwenye faida. Miaka yote nilikua nikiwa na jozi ya juu sijali kabisa ree yangu ni ya aina gani.

Sasa mapungufu, na haya ni ya kuyajua kabla hujaanza. Inafanya kazi baada ya flopu tu, kabla ya flopu haikusaidii. Ni ya watu wawili tu, mkiwa watatu kwenye poti utafute akili nyingine. Haikupi renji za kuanzia, unaleta mwenyewe, na kama mimi mwanzoni hujui renji ya blaindi kubwa ikoje utaanza kwa kubahatisha. Maandishi yote ni Kiingereza. Na aliyeitengeneza alitangaza Oktoba 2023 kwamba anasimamisha kuiendeleza, kwaiyo msitegemee vitu vipya, ilivyo ndo ilivyo. Kuna ndugu yake ya kuweka kwenye kompyuta inaitwa Desktop Postflop, hiyo haina kile kizuizi cha 4GB, wenye mashine nzito waangalie hiyo. Kwenye simu sikushauri, jedwali lile la miraba ni dogo vidole vinakosea.

Alafu kuna jambo ambalo halimo ndani ya programu na lazima niliseme. Solva inadhani mpinzani wako anacheza vizuri pia, ana mikwara ya kutosha kukubana. Kwa beti ya nusu poti inakutaka uendelee na kama theluthi mbili ya renji yako ili usionewe. Ila meza zetu hizi za blaindi ndogo nilizokaa mimi, mtu aliyecheki mara mbili alafu akageuka kuongoza kwenye karata iliyokamilisha flashi, mara nyingi sana anayo. Nilianza kuandika kwenye daftari kila donki ya karata ya mwisho ninayoiona ikifunuliwa, sio yangu tu hata ya wengine, kwa ukubwa wa beti. Zile ndogo ndogo za theluthi zimechanganyika kweli, jozi za kati nyingi, hizo nafuata bila wasiwasi. Zile za nusu poti kwenda juu kwenye karata ya kutisha, mikwara ni nadra. Kwaiyo nachofanya naiachia programu nione jibu la msingi, alafu narudi kwenye renji ya mzee nafuta mikwara miwili mitatu, naipigisha tena, naangalia ree na kingi zangu zinahama kutoka kufuata kwenda kutupa baada ya kufuta mingapi. Ile namba ndo ninayoibeba kwenda nayo mezani.

Ni nani aichukue? Wewe unaecheza na umeshajua sheria na hesabu za bei, unataka kuelewa kwa nini. Kwa mtu anaejifunza leo flashi ni nini itamchosha bure. Na tafadhali usiifungue katikati ya mchezo wa mtandaoni, huo ni wizi na hata mitandao yenyewe inakataza. Mimi naipa nyota nne na nusu, nusu nimeitoa kwa sababu ya renji za kuanzia, ingekuja hata na mfano mmoja wa blaindi kubwa watu wengi wasingekata tamaa siku ya kwanza.

Ijumaa iliyopita nilikaa tena na yule mzee, nikamwamkia, tukacheza vizuri tu. Mara ikaja tena, kacheki, kacheki, alafu karata ya mwisho akasukuma 30,000 kwenye poti ya kama 50,000, mimi nina jozi ya kwini juu na ree pembeni, mezani shupaza tatu na mimi sina hata shupaza moja. Nilikaa nikahesabu taratibu, dila akanisubiri, nikatupa. Mzee hakufunua, akavuta poti akanyanyua kikombe. Mkono umeandikwa kwenye daftari, ntaupigisha leo usiku. Kama kuna mtu ana renji nzuri ya blaindi kubwa kwa meza za hapa Dar naomba anitumie.